Mulinzi Haiko

Nilipofikisha miaka arobaini na tano nilikuwa nimeshajihakikishia kwamba hakuna kitu duniani kitakachonishangaza. Nilikuwa nikisema hivyo waziwazi, nimeegemea kaunta na kikombe cha chai mkononi, kwa yeyote mwenye subira ya kunisikiliza. Nilitoka Tanga na darasa la tano. La sita nililiona kwa mlango. Niliingia Birmingham na koti la kuazima. Nimekanda mikate ya watu Sparkbrook miaka minne, nimeendesha teksi miaka sita, nimebeba walevi, maharusi, na mara moja mama aliyejifungulia kiti cha nyuma kabla sijafika hospitali. Halafu nikafungua duka langu mwenyewe Coventry Road: intaneti, simu za nje, kadi za simu, fotokopi. Kompyuta kumi na moja, na hakuna hata moja niliyofundishwa na mwalimu. Yote haya ni kweli na bado najivunia. Nayataja ili ijulikane nilikuwa nimesimama juu kiasi gani siku nilipofanya nililolifanya.

Habari ya diski nimeisimulia mara nyingi, dukani na kwenye harusi za watu. Nilikuwa naisimulia kwa kupunguza. Leo naiandika nzima.

Kulikuwa na mtu wa rika langu kutoka Bukavu, mrefu, mpole, aliyekuja dukani kupiga simu Kampala. Kwao alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Hapa alipanga maboksi kwenye ghala moja kubwa, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku ya kwanza alinikuta nahangaika na printa iliyokuwa imelala siku tatu. Alisubiri zamu yake ya simu, akaiangalia ile printa, akaniangalia mimi.

"Patron, iko na tournevis?"

"Nina nini?"

Akazungusha vidole hewani kama anayekaza skrubu.

"Bisibisi," nikasema. "Sema bisibisi."

"Bisibisi," akasema, taratibu, kama mtoto wa chekechea. Nikampa. Baada ya robo saa printa ilikuwa inatema karatasi.

Tangu hapo mimi nikamwita Fundi na yeye akaniita Patron. Tukapatana: yeye ataangalia mashine zangu, nami kila Jumamosi nitamwachia kompyuta namba saba, ile ya ukutani, azungumze na watu wake kwa muda anaotaka. Kule Kampala walikuwa wanaingia kwenye duka la intaneti kama langu, na huku yeye anaandika, wanaandika, wanacheka peke yao. Nilimuuliza ni nani.

"Ni bibi yangu," akasema. "Na batoto mbili."

Kwetu Tanga ukisema bibi yangu, mtu anaelewa ni mama aliyemzaa mama yako. Basi kwa mwaka mzima nilikuwa nawaambia wateja: mwoneni huyu bwana, kila Jumamosi hakosi, anamtunza bibi yake mzee pamoja na wajukuu. Nilimsifu sana. Yeye alikuwa anazungumza na mke wake. Sikuwahi kusogea karibu nikamsalimia huyo mwanamke kwenye skrini, ingawa kamera ilikuwepo na mara mbili Fundi aliniita nije. Nilikuwa na wateja. Ndivyo nilivyosema.

Nilikuja kujua ni mke siku Fundi aliponiletea barua nimsomee. Alikuwa ameomba mke na binti zake waruhusiwe kumfuata, akakataliwa. Wakubwa wa uhamiaji waliandika kwamba ndoa hawaikatai, ila hawaoni ushahidi kwamba bado ni hai. Barua na mazungumzo aliyowasilisha yalikuwa ya zamani mno. Wakili wake akamwambia: kata rufaa, na safari hii lete mazungumzo ya karibuni, ya kila wiki, mpaka wiki ya mwisho kabla ya kusikilizwa. Simu za kadi hazina kumbukumbu. Kule Kampala kompyuta zilikuwa za watu wote, zinafutwa kila jioni. Kwa hiyo kitu pekee kilichoonyesha kwamba yule mwanamume bado ana mke kilikuwa ndani ya namba saba, dukani kwangu, kwenye folda yenye jina la mkewe. Programu ile ya kuzungumza ilikuwa inahifadhi kila neno.

"Haiwezi kupotea?" nilimuuliza.

"Apana, Patron. Mulinzi iko."

Hapo ndipo kwenye kisa chenyewe.

Kompyuta zangu kumi na moja zilitumia Windows. Chumba cha nyuma kulikuwa na ya kumi na mbili, aliyoiunga yeye mwenyewe kwa vipande vya kuokota. Hiyo ilitumia Linux: skrini nyeusi, maandishi meupe, hakuna hata picha moja ya kubonyeza. Niliiogopa, ingawa nilichosema ni kwamba siipendi. Kazi yake ilikuwa kuweka nakala za zile nyingine; yeye aliiita serveur, yaani seva. Na ili ifanye kazi hiyo, Fundi aliandika programu ndogo akaiweka kwenye kila mashine. Si programu ya kufungua ukaiona. Ni ile inayoamka mashine inapowashwa, ikafanya kazi kimya mpaka inapozimwa. Mafundi wanaiita huduma. Ya kwake aliipa jina *mulinzi*.

Alinikalisha nyuma akanieleza.

"Sikia, Patron. Mu kila machine iko mulinzi moja. Jioni serveur anaita: mulinzi? Machine inajibu: niko. Serveur anakamata ma-fichiers, mafaili yote, anaweka. Kama hakuna jibu, anafikiri machine imezimwa, anapita."

"Anapita tu, hasemi kitu?"

"Anaandika mu liste. Liste inatoka kila Lundi. Wewe utasoma. Sasa, jina. Jina ni moja, kila pahali. Mu Windows, mu Linux, jina ni moja. Herufi ndogo zote. Ukiandika M kubwa, Windows haina shida, anasema ni ule ule. Linux, M kubwa na m ndogo ni batu mbili, hawajuane. Donc, jina, usiliguse."

Akaandika neno lile kwenye kadi nyeupe akalibandika juu ya seva. Nikalisoma.

"Mlinzi," nikamwambia.

"Ee?"

"Si mulinzi. Mlinzi. Hakuna hiyo u."

Akacheka. "Kwetu iko."

Nikacheka na mimi, lakini lile neno lilinikaa vibaya. Lazima nikiri kitu hapa. Mtu wa darasa la tano hana vitu vingi vya kujidai navyo mbele ya watu waliosoma. Kiingereza changu watoto wangu walikuwa wanakiigiza mezani wakidhani sisikii. Hesabu nilijifunza kwenye teksi. Kitu kimoja nilichokuja nacho ambacho hakuna aliyeweza kunipokonya ni Kiswahili cha kwetu. Pale dukani walikuja Wakenya, Wakongo, Wahindi wa Kampala na Nairobi, Waswahili wa kila namna, na mimi nilikuwa nawasahihisha wote, bure, bila kuombwa. Nilidhani natoa huduma.

Karatasi ya Jumatatu ilikuwa inatoka kweli. Mistari kumi na moja: namba moja, mulinzi iko; namba mbili, mulinzi iko; hivyo mpaka mwisho. Wiki za mwanzo niliisoma kwa makini, kidole chini ya mstari. Baadaye nikawa naigeuza, naandika nyuma yake vitu vya kununua.

Mteja wangu wa kila siku alikuwa mzee mmoja Singasinga, mzaliwa wa Kisumu, mwalimu mkuu mstaafu, kilemba safi na tai. Alikuja asubuhi kusoma barua pepe za binti yake wa Kanada. Mbele ya mzee huyu nilikuwa nanyoosha mgongo. Siku moja akalalamika kwamba kompyuta yake inakwenda pole. Badala ya kumhamishia nyingine, nikataka aone mimi ni nani. Nikafungua orodha ya huduma zote, ile ndefu ya Kiingereza, nikawa naishusha taratibu kama daktari anayesoma picha ya eksirei. Katikati ya yale majina yote ya Kiingereza likatokea neno moja la Kiswahili.

Mzee akasogeza miwani.

"Mulinzi," akasoma. "Mu-linzi. Hii nini?"

"Ni ya kulinda mafaili, mwalimu."

"Naona. Lakini nani ameiandika? Wewe si mtu wa Tanga? Mimi siku zote najua watu wa Tanga ndio wenye lugha." Akacheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini. "Kwa shule yangu hii ni alama sifuri, bwana."

Wateja wawili wakageuka. Mmoja akatabasamu tu, na hilo tabasamu lilitosha.

Mchana ule nilifanya kazi kuliko siku yoyote. Fundi alikuwa ghalani kwake. Niliikuta faili ya maandishi aliyotumia kuiweka ile huduma, na mstari wa kwanza ulikuwa na jina. Niliifuta ile u, na kwa kuwa ni jina, nikaanza na herufi kubwa: Mlinzi. Nikaondoa ya zamani, nikaweka mpya, nikawasha. Kompyuta ya kwanza ilinichukua saa nzima, na jasho. Ya kumi na moja dakika nne. Kila moja ilipowaka nikafungua orodha, nikaona: Mlinzi, imeanza. Sijui kama naweza kueleza raha niliyoipata. Nilikuwa nimeingia ndani ya mashine nikabadilisha kitu, na mashine imekubali.

Mke wangu alikuwa kaunta anauza kadi. "Unafanya nini huko tangu adhuhuri?"

"Nanyoosha mambo."

"Fundi anajua?"

"Duka ni la Fundi?"

Akarudi kwa wateja wake. Ya kumi na mbili, ile nyeusi, sikuigusa. Sikujua hata inavyofunguliwa. Nikaangalia tu ile kadi nyeupe juu yake, nikaibandua, nikaiweka mfukoni ili mwalimu asiione siku akipita nyuma kunawa mikono.

Jioni ile seva iliita *mulinzi* kwenye mashine kumi na moja. Hakuna aliyeitika. Ikapita.

Jumatatu karatasi ikatoka. Namba moja, mulinzi haiko. Namba mbili, mulinzi haiko. Mistari kumi na moja, haiko, haiko, haiko. Naapa niliisoma. Niliisoma yote, nimesimama, na nakumbuka nilichowaza: huyu bwana hajui kwamba mtu hawi *haiko*, anakuwa *hayupo*. Nikaikunja nikaandika nyuma yake sukari, sabuni, rimu mbili. Jumatatu iliyofuata vilevile. Wiki ya tatu kitu kiliniambia uliza. Lakini kuuliza ni kusema kwamba niligusa, na tena ni kusema kwamba sielewi. Nikajiambia labda karatasi inakosea, kwa kuwa orodha ya Windows inasema imeanza, nami nimeiona kwa macho yangu.

Ikaenda hivyo miezi saba. Fundi aliniuliza mara mbili, "Liste iko bien?" Nikajibu, "Iko bien," kwa kumwigiza, na tukacheka wote wawili.

Namba saba ilikufa Jumamosi asubuhi, wiki tano kabla ya rufaa yake kusikilizwa. Fundi aliiwasha ikatoa mlio mdogo ndani, tik, tik, tik, kama kucha inayogonga meza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Duka lilikuwa limejaa. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake.

"Diski imekufa," Fundi akasema, bila wasiwasi wowote. "Si kitu. Tunakamata mu serveur."

Akaenda nyuma. Alikawia. Nilipomfuata kumwangalia alikuwa ameketi mbele ya ile skrini nyeusi, mikono imelala mapajani. Aliniambia nakala ya mwisho ni ya miezi saba nyuma. Kisha akainua macho pale juu, mahali kadi ilipokuwa. Madoa manne ya gundi yalikuwa bado pale, alama nne za pembe.

"Patron. Nani aligusa jina?"

"Jina gani?"

Nimejiuliza mara nyingi lile jibu lilitoka wapi. Halikupita kichwani hata kidogo. Na kama lingeishia hapo, chumba cha nyuma, watu wawili, labda leo ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini nikatoka mbele dukani, na yeye akanifuata mlangoni, na mwalimu akauliza kuna nini. Nikasema kwa sauti, ili duka lote lisikie:

"Fundi kaniharibia. Miezi saba mashine yake haifanyi kazi. Nilijua mimi. Mtu asiyeweza kutamka mlinzi atawezaje kumtengeneza?"

Watu wakacheka. Ulikuwa mzaha mzuri, ndio tatizo lake. Hata mwalimu alicheka.

Fundi alisimama pale mlangoni, bado na bisibisi mkononi. Akasema, "Pardon, Patron. Ni mimi sikuangalia." Aliniomba radhi. Kisha akauliza kama anaweza kutumia simu, na nikamwonyesha kibanda namba mbili.

Kuta za vibanda vyangu zilikuwa za plaiwudi, nilizikata mwenyewe. Nilimsikia akimweleza mkewe. Hakunitaja. Alisema mashine imekufa na nakala hazipo, na kosa ni lake, alikuwa amechoka na kazi ya ghala, hakuangalia vizuri. Halafu akasema, "Usilie. Tutaandika tena. Iko wiki tano." Wiki tano za mazungumzo baada ya pengo la miezi saba, mbele ya watu waliotaka kuona ndoa ya kila wiki.

Nyumbani mke wangu alinitengea chakula akakaa upande wa pili bila kula.

"Baba watoto, siku ile uliyokuwa unanyoosha mambo. Ulinyoosha nini?"

Nikamwambia. Yeye alisoma mpaka darasa la saba, na kwenye mambo ya aina hii amekuwa akinizidi zaidi ya madarasa mawili. Hakupandisha sauti.

"Ulimsema mbele ya watu. Utamrudishia mbele ya watu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nilikaa nalo siku sita. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Fundi nyuma, amefika kabla yangu. Mke wangu alimfungulia. Alikuwa anaandika kwenye skrini nyeusi. Nikasimama nyuma yake nikasoma, herufi moja moja, kwa kuwa ndivyo ninavyosoma. Alikuwa amebadilisha jina upande wa seva. *Mlinzi*, kwa M kubwa, bila u. Juu ya seva kulikuwa na kadi mpya, na neno ni langu.

"Sasa batasikilizana," akasema bila kugeuka. "Jina lolote ni muzuri, Patron. Bora ikuwe moja."

Nikakaa juu ya boksi la karatasi.

"Ulijua."

"Ile siku diski ilikufa. Kila machine inaandika saa jina liliguswa. Mashine kumi na moja, kutoka saa saba mpaka saa kumi na moja, siku ya kazi. Mi nilikuwa ghalani."

"Mbona hukusema? Nilikutukana mbele ya watu wote, hukusema."

Akageuka. Sijawahi kumwona mtu akifikiria jibu kwa uangalifu vile, kama mwenye kuchagua maneno asiniumize.

"Ningesema, ungekasirika. Ungekasirika, ungenifukuza. Sasa bibi yangu ataniita wapi siku ya Samedi?"

Hilo ndilo lililonishangaza. Miaka yote nilikuwa nadhani ule upole wake ni tabia. Kumbe ulikuwa hesabu. Alikuwa akiniogopa, mimi, mwenye duka la plaiwudi Coventry Road, kwa namna ileile niliyomwogopa meneja wa kiwanda cha mikate, niliyecheka vichekesho vyake kwa miaka minne bila kuvielewa.

Nikamwambia ni mimi. Alikuwa anajua, lakini nikasema neno kwa neno: nilifuta u, nikaweka M kubwa, nikabandua kadi, karatasi za haiko nilizisoma. Kisha nikatoka mbele. Kulikuwa na watu saba hivi, na mwalimu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, ya kwetu, yenye vituo. Hayakutoka. Nikasema, "Wiki iliyopita nilisema Fundi ameharibu. Aliyeharibu ni mimi. Yake ilikuwa sawa." Mwanamke mmoja aliyekuwa anapiga fotokopi akauliza kama mashine inachukua karatasi za rangi. Fundi alikuwa anatazama sakafu. Nadhani nilimwaibisha tena.

Mwalimu alivua miwani. "Na mimi nilicheka," akasema. Baadaye alikwenda nyuma, akakaa na Fundi kwa muda. Sijui walizungumza nini. Nilisikia tu sauti mbili za Kiswahili, kila moja na njia yake, wala hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Nikajitolea kwenda kutoa ushahidi kwenye rufaa. Wakili, mama mmoja mkavu, alinihoji ofisini kwake. Ulimwona mteja wangu akizungumza na mkewe? Ndiyo, kila Jumamosi, miaka miwili. Ulimwona huyo mke? Hapana. Ulimsalimia? Hapana. Ulijuaje ni mke? Nikamweleza kwamba mwaka wa kwanza nilidhani ni nyanya yake, na nimewaambia watu wengi hivyo. Akaweka kalamu chini. Akaniambia, kwa adabu sana, kwamba siku hiyo ningemsaidia zaidi nikibaki dukani.

Kilichobaki ni ile diski. Fundi alikuwa ameshasikia kwamba kuna kampuni ya kufungua diski zilizokufa, nje ya mji, ila hakuwa ameitaja kwangu. Tulikwenda kwa mabasi mawili, yeye ameipakata mapajani imefungwa kwenye taulo. Mwanamke mwenye glavu aliipokea akauliza tunatafuta nini humo. Fundi akataja jina la folda. Yule mwanamke akamwomba alitaje kwa herufi, asikosee, naye akalitaja jina la mkewe herufi kwa herufi, kubwa ya mwanzo na ndogo zote zilizofuata. Nilikuwa nimemjua yule mtu miaka miwili na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia.

Zile za miezi saba zilikuwa Jumamosi thelathini. Zikapatikana ishirini na sita. Nne zilikuwa kwenye sehemu ya diski iliyokwaruzika, hazikusomeka. Nikasema kwa moyo mwepesi, ishirini na sita zinatosha. Fundi aliziangalia tarehe zilizokosekana, akaweka kidole kwenye moja.

"Hii," akasema. "Siku hii mutoto mudogo aliandika yeye mwenyewe. Mara ya kwanza."

"Aliandika nini?"

"Papa. Na jina yake. Basi."

Zile ishirini na sita tulizichapa kwenye printa yangu siku mbili mfululizo, nami nikazifunga kwa mpangilio wa tarehe. Sikuzisoma. Rufaa ilisikilizwa, wakasubiri wiki sita, barua ikaja, na safari hii alijisomea mwenyewe, amesimama katikati ya duka. Mke na binti zake waliingia mwanzoni mwa masika ya huku. Jumamosi hakuhitaji tena namba saba, na baada ya muda hakuja kabisa. Akapata kazi ya mitambo Sparkhill, na mashine zangu zikaangaliwa na watu wengine.

Nilikutana nao mara moja kituo cha basi. Mke wake ni mfupi, mcheshi, ana macho ya kuangalia mtu moja kwa moja. Fundi akanitambulisha kwake: "Huyu ni patron ya ile duka." Akanipa mkono, akaniambia, "Aksanti, papa, ulitusaidiaka sana." Sikujua ameambiwa nini na sikuthubutu kuuliza. Yule binti mdogo alijificha nyuma ya mama yake. Nikamwambia hujambo, akanijibu kwa Kiingereza.

Nilitaka kuwalipia tiketi za ndege, Fundi akakataa. Nilitaka kumpa kompyuta, akakataa. Nilitaka kumlipa wakili, akakataa kwa namna iliyonifanya nisirudie tena. Kitu kimoja tu aliniachia nilipe, kwa sababu, alisema, diski ni ya kwangu. Yule mwanamke mwenye glavu alitoza pauni mia tano, na juu yake kodi ya serikali, themanini na saba na nusu. Nililipa taslimu, Fundi akiwa dirishani anatazama mabasi, na mpaka leo sijasikia mtu akiniambia kwamba yale yote yalinigharimu zaidi ya pauni mia tano themanini na saba na peni hamsini.